Mwanga Ulionyooka Kupita Kiasi

Mtaa wa Waberi,
Garissa.
Ramadhani, Desemba 1999.

Kwa Shemeji yangu mpendwa, Aweys,
Toronto, Kanada.

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

KUH: MALALAMIKO DHIDI YA KALAMU YA LEZA YA KIJANI

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kwamba hiyo theluji unayotusimulia kwenye simu imekuachia vidole vya kutosha kuishika. Sisi hapa hatujambo, isipokuwa mimi.

Utashangaa kwa nini nakuandikia kwa Kiswahili, lugha ambayo mimi na wewe hatujawahi kuitumia hata kuombana chumvi. Sababu ni kwamba nina malalamiko, na kulalamika kwa Kisomali kunanishinda. Nikianza kwa Kisomali nitauliza habari za watoto, kisha habari za mvua, kisha habari za ngamia ambao wewe huna na mimi sina, na nitakapofika kwenye kosa lako nitakuwa nimekwisha kukusamehe. Kiswahili ndicho ninachofundisha na ndicho ninachoandikia wakubwa, na mtu akikiandika kwa makini anaweza kubaki na hasira yake mpaka mwisho wa ukurasa. Najua utasema mimi ni yule mwalimu wa Kiswahili ambaye akipandwa na hasira huita pete "bete". Ni kweli, lakini kwenye karatasi halisikiki.

Kabla ya yote nakubali kwamba kalamu hiyo niliiomba mwenyewe. Uliponisimulia kwamba huko kwenu watazamaji wa nyota wamepata kalamu mpya inayotoa mwanga wa kijani unaopanda moja kwa moja hadi juu, nilikubembeleza kama mtoto aliyeona peremende. Leyla, binti ya ami yenu, aliileta mwezi uliopita ikiwa imekunjwa ndani ya soksi, pamoja na onyo lako kwamba isielekezwe kamwe kwenye jicho la mtu, wala la mnyama, wala kwenye ndege iliyo angani. Onyo hilo nimelitii. Lakini lilikuwa onyo pungufu. Hukunionya kwamba isielekezwe kwenye nyota.

Ili uelewe hasara niliyoipata, sharti nikukumbushe nilivyokuwa kabla. Nilikuwa mtu. Tangu niliponunua ile darubini ya macho mawili kwa mzungu mmoja wa misaada aliyekuwa akihama Dadaab, majirani walikuwa wakija uani kwetu jioni, hasa umeme unapokatika na mji wote kuwa giza. Tulitandika mikeka, dada yako Abshiro akaleta chai ya maziwa ya ngamia, nami nikasimama katikati na fimbo yangu nikiwaonyesha mbingu. Nunow, yule dalali wa mifugo tunayepakana naye ukuta, hakukosa hata jioni moja. Sheikh Shuaib wa msikiti wetu alikuja mara kwa mara. Waliniita Mwalimu wa Nyota, na sikuwakataza.

Fimbo, Shemeji, ni chombo chenye adabu. Huonyesha upande, haionyeshi kitu. Nikisema "ile pale ni Zohali", kila mtu alijichagulia Zohali yake, akaridhika, akanywa chai yake. Katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba nimekosea, kwa kuwa hakuna aliyejua ninasema ipi. Kusema kweli, mara nyingine hata mimi sikujua. Lakini tulikuwa na furaha, na elimu ilikuwa ikisonga mbele.

Sasa naorodhesha.

LA KWANZA. Kalamu yako imeninyang'anya sayari ya Mirihi.

Kwa muda mrefu nimewafundisha majirani kwamba ile nyota nyekundu iliyo chini, upande wa mjini, ndiyo Mirihi. Nunow aliwahi kuuliza mbona Mirihi haitui kama nyingine. Nilimjibu kwamba Garissa iko karibu sana na ikweta, na karibu na ikweta sayari hutulia. Jibu hilo lilipokelewa kwa heshima, na nadhani lilifika hadi kwenu Tarbaj, kwa sababu Nunow anapokwenda huko kununua mifugo hupenda kusimulia mambo ya elimu.

Basi jioni ya kwanza ya kalamu umeme ulikatika kama kawaida. Watu walikuwa wengi kuliko siku zote, maana Leyla alikuwa ametangaza zawadi mtaa mzima. Nilibonyeza kitufe kuelekea juu. Kamba ya kijani ikatoka mkononi mwangu ikapanda mpaka macho yakashindwa kuifuata, na ua mzima ukasema Subhanallah kwa sauti ya chini. Nikaona heri nianze na kitu nilicho na hakika nacho. Nikawaambia watazame Mirihi, kisha nikashusha mwanga.

Mwanga ulikwenda, ukafika, ukakoma. Haukuendelea mbinguni. Pale ulipokoma pakawaka doa la kijani, na kandokando ya doa tukaona vyuma vilivyopishana, na waya, na taa nyekundu imefungwa juu kabisa ya mlingoti wa simu, ule wenye jenereta yake. Nilidhani mkono wangu umeteleza, nikausogeza. Doa likashuka taratibu, chuma baada ya chuma.

Nunow alitazama kwa muda. Kisha akasema, "Mwalimu, Mirihi ina ngazi."

Hakuna aliyecheka. Wangecheka ningepona upesi. Walimiminiana chai, wakaanza kuzungumzia bei ya mbuzi, na mmoja akanisogezea kiti kana kwamba nimetoka hospitali.

LA PILI. Mwanga wako unaonekana mbali kuliko inavyohitajika kwa mtu mnyenyekevu kama mimi.

Wiki hiyohiyo walikuja askari wawili. Mtu alikuwa ameona kamba ya kijani kutoka upande wa daraja la Tana, naye, kwa jinsi hali ya usalama ilivyo, hakutaka kukaa kimya. Mkubwa wao alikuwa koplo mmoja mtaratibu, mwenyeji wa Vihiga. Nilimweleza kwamba ni mambo ya nyota. Akaishika kalamu, akaigeuzageuza, akanirudishia kwa mikono miwili, akaketi. Abshiro akamletea chai. Baada ya kuinywa akaniuliza kama kwa kutumia nyota ninaweza kumwonyesha nyumbani kwao ni upande gani.

Hapo mtu mwenye busara angefikiri kwanza. Mimi nilibonyeza kitufe. Mwanga ukapita juu ya paa la jirani ukaenda zake gizani. Koplo alisimama, akavua kofia, akautazama. Alisema mkewe amejifungua huko mwezi uliopita, na yeye likizo bado hajapewa. Niliona fahari kubwa, Shemeji; niliona kwamba hii ndiyo faida ya elimu ya anga kwa taifa.

Kisha koplo akauliza, polepole, kama mtu asiyetaka kumvunjia mwenyeji heshima, "Lakini Mwalimu, upande huo si ndiko jua linakotokea?"

Nilikuwa nimemwelekeza Bahari ya Hindi. Kwa fimbo ningejizungusha kidogo kidogo huku nikikohoa, na mpaka kikohozi kiishe ningekuwa nimefika Vihiga. Kwa leza huwezi kukohoa. Koplo hakunilaumu. Aligeuka mwenyewe akatazama upande wa pili, gizani, ambako hapakuwa na mwanga wowote, akakaa hivyo kwa muda mrefu bila kunihitaji. Tangu siku hiyo huja kila Ijumaa kunywa chai. Habari za nyota haulizi tena.

LA TATU. Paka. Hili sitaki kulieleza kwa urefu. Inatosha kusema kwamba doa la kijani likitua ukutani, paka wote wa Waberi hulifuata, na ukuta niliouchagua kwa majaribio chini yake kulikuwa kumewekwa sinia la wali wa wageni. Leyla alikuwepo, muulize yeye.

LA NNE. Mwezi wa Ramadhani.

Unajua kwamba kila mwaka mimi hualikwa kwenda na wazee uwanjani kuutafuta mwezi mwandamo, kwa ajili ya darubini yangu. Nami kila mwaka huuona. Wakati mwingine huuona kabla jua halijazama sawasawa. Nilikuwa nikinyoosha fimbo, wazee wakikunja macho, mmoja akisema pengine, mwingine akisema labda, Sheikh Shuaib akinishukuru, na shughuli ikiendelea. Nilirudi nyumbani nikijua kwamba mfungo wa mji huu umeanzia kwangu.

Mwaka huu nilikwenda na kalamu. Baada ya Magharibi niliona ufito mwembamba wa mwanga, chini, upande wa jua lilikozama. Nikasema nimeuona. Wazee wakauliza uko wapi. Badala ya fimbo nikabonyeza kitufe, mbele ya uwanja mzima, na mwanga ukaenda ukauonyesha mwezi wangu barabara kabisa. Ulikuwa ukingo wa kijiwingu. Na kilikuwa kinasogea. Nilijikuta nakifuata na mwanga, kulia, kulia tena, huku nikisema ndio huo, ndio huo, mpaka kikayeyuka na mimi nikabaki nimeelekeza leza mahali patupu.

Sheikh Shuaib alinishika bega. Ni mtu mpole, unamjua. Akaniambia sikioni, "Miaka mingine tulikuwa tunakushukuru tu, kisha tunaendelea kungoja."

Sentensi hiyo sikuielewa papo hapo. Niliielewa njiani, karibu na duka la unga, nikalazimika kusimama. Yaani miaka yote hiyo hawakuwahi kufunga kwa macho yangu. Walinishukuru kwa upole, wakangoja watu wanaoona. Na ningeweza kufa bila kulijua hilo, kama si wewe na soksi yako.

LA TANO. Hili ndilo lililonikalisha chini kuandika. Hayo mengine ningeyameza.

Unaikumbuka harusi yetu kule Tarbaj, Desemba ya mwaka 1987. Wewe ndiye uliyeshika kamba ya lile dume la ngamia lililotaka kukimbia na vyombo. Nilikuwa mwalimu kijana asiye na cheti, na siku chache baada ya harusi nilitakiwa kuondoka kwenda chuo. Jioni ya mwisho tuliketi nje, mimi na dada yako. Sikuwa na kitu cha kumwachia. Nikatazama juu, nikaona utosini kabisa nyota kubwa kuliko zote, nikanyoosha mkono nikamwambia ile ni yako. Tukapatana kwamba kila tutakapokuwa mbalimbali, baada ya sala ya Isha kila mmoja atatoka nje, aitazame nyota hiyo, aseme alilo nalo. Hivyo kila mmoja atajua kwamba mwenzake naye yuko nje anazungumza.

Tumefanya hivyo muda wote wa ndoa yetu. Nilipokuwa chuoni, nilipokwenda semina, na kila mwisho wa mwaka ninapokwenda Nairobi kusahihisha mitihani. Yeye naye kila anapokwenda kwa jamaa zenu Tarbaj. Hatukuwahi kumwambia mtu. Wewe ni wa kwanza, na ninakwambia kwa sababu nimebanwa.

Baada ya Mirihi, na koplo, na kijiwingu, niliona kwamba heshima yangu mjini imekwisha, lakini nyumbani bado inaweza kuokolewa. Jioni moja tulipotoka tarawehe, wageni wakiwa hawapo, nilimwita Abshiro uani. Nikamwambia aje nimwonyeshe nyota yake kwa chombo kinachostahili. Alikuja akipangusa mikono kwenye kanga, akakaa mkekani karibu nami, na nilimwona anatabasamu ingawa kulikuwa na giza. Nikabonyeza kitufe. Nikauweka mwanga kwenye ile kubwa ya utosini, na haukutetemeka.

Aliutazama mwanga kutoka mkononi mwangu mpaka juu.

"Ile siyo," akasema.

Nikacheka, nikamwambia ndiyo yenyewe, mimi ndiye niliyeitoa. Akanishika kifundo cha mkono, akaugeuza. Mwanga ukateremka upande wa mashariki, ukapita nyota hii na ile, ukatua kwenye nyota moja yenye wekundu kidogo, si kubwa sana, iliyokuwa juu ya paa la Nunow.

"Hii hapa," akasema. "Mimi nimekuwa nikizungumza na hii."

Nilimwambia labda usiku ule mkono wangu ulitetemeka. Unajua, Shemeji, mwaka aliofariki mama yenu nilikuwa Nairobi, na barabara ilikuwa imekatika kwa mvua, na wewe tayari ulikuwa ng'ambo. Abshiro alikaa na msiba huo peke yake. Aliwahi kuniambia kwamba kila jioni ya matanga alitoka nje akaitazama nyota, akajua hayuko peke yake, ndipo akaweza kurudi ndani kwa wageni. Nami nakuapia nilitoka. Nilisimama nyuma ya bweni walikotulaza wasahihishaji, nikasema naye mpaka mlinzi akaja kuuliza kama nina homa.

Hayo ndiyo aliyokuwa akiyafikiria, kwa maana aliniuliza, "Na wewe ulikuwa unazungumza na nani?"

Pale ningepaswa kunyamaza. Lakini mimi ni mwalimu, na mwalimu akiulizwa hujibu. Nikamweleza kwamba ile niliyompa ilikuwa na tabia ya kutoonekana mahali pake. Mwaka uliofuata niliitafuta utosini sikuikuta. Mwaka mwingine vilevile. Kwa hiyo, ili nisivunje ahadi, kila mwaka nilichukua ile iliyong'aa kuliko nyingine, nikazungumza nayo.

"Kwa hiyo kila mwaka ulikuwa na nyingine," akasema. Hakuwa anauliza. Akainuka akaingia ndani.

Tangu siku hiyo dada yako ananihudumia kama mgeni. Hanigombezi, angenigombeza ningemshukuru Mungu. Wakati wa kufuturu napewa tende kabla ya watoto, na sambusa kubwa kuliko zote, na chai ndani ya kile kikombe chenye maua kinachotolewa akija mkaguzi wa shule. Anauliza kama chai imekolea. Anauliza kama nimeshiba. Kisha anakwenda kukaa kwa mke wa Nunow mpaka saa ya kulala. Sijawahi kutunzwa vizuri namna hii, wala kuwa na huzuni namna hii.

Fikiria mwenyewe. Kwa fimbo, yeye angetazama yake, mimi ningetazama yoyote, na tungezeeka pamoja tukiamini kwamba tunatazama kitu kimoja. Ndoa yetu haikuwa na kasoro yoyote mpaka ulipotuletea usahihi.

KWA HIVYO NAOMBA YAFUATAYO:

(a) Uichukue kalamu yako. Leyla anarudi Kanada baada ya Idi, nitamrudishia ndani ya soksi ileile.

(b) Unitumie badala yake tochi ya kawaida yenye mwanga hafifu unaosambaa. Kama huko kuna iliyopinda kidogo, itanifaa zaidi.

(c) Uwaandikie waliotengeneza kalamu hii, uwatake waandike kwenye boksi kwamba haifai kutumiwa na wanaume walio kwenye ndoa, wala na mtu yeyote aliyekuwa akifundisha jambo lolote kabla ya kuipata. Ikiwezekana isiruhusiwe kuingia mkoa mzima wa Kaskazini Mashariki hadi mimi nitakapostaafu.

(d) Umwandikie dada yako, kama mtu aliyesoma na anayekaa ng'ambo, kwamba mwanga wa leza hupinda unapopita katika joto la Garissa, hivyo kwamba ukielekezwa kwenye nyota moja huonekana umetua kwenye nyingine. Yeye hukuamini kuliko anavyoniamini. Najua si kweli, na najua ni Ramadhani. Unaweza kuandika baada ya Idi.

Nisalimie mkeo na watoto, na jamaa wote wa Tarbaj waliotapakaa huko kwenye baridi. Nunow anakusalimu na anauliza kama huko Mirihi inatua. Sheikh Shuaib anakuombea dua. Koplo anakusalimu pia, ingawa hakujui. Abshiro angekusalimu, lakini hajui kwamba ninakuandikia.

Ndimi shemejio, niliyekuwa na fimbo nikaiacha,

Abdinoor Alio,
Mwalimu wa Kiswahili, na zamani wa Nyota.

TANBIHI. Shemeji, barua hii ilikaa mezani siku kadhaa ikimngoja Leyla, na katika siku hizo limetokea jambo ambalo sina budi kulieleza, ingawa linaniharibia hoja.

Juzi baada ya futari nilibaki peke yangu uani. Nikaona niichunguze kwa darubini hiyo nyota kubwa ya utosini, angalau nijue sura ya kitu kilichonigombanisha na mke wangu. Kwa kuwa mkono wangu sasa siuamini, niliweka godoro chini, nikalala chali, nikaegemeza darubini kwenye ukingo wa pipa la maji. Kwa mara ya kwanza picha haikutikisika. Na nilichokiona hakikuwa nukta kama nyota nyingine. Kilikuwa kiduara, na ubavuni mwake vijimwanga vidogo vimejipanga mstari mmoja. Nilijifunza mambo hayo shuleni, nikayajibu kwenye mtihani, nikapata alama. Ile ni Mshtarii, na vile ni miezi yake. Si nyota, ni sayari. Haikai mahali pamoja. Huzunguka mbingu, na mzunguko wake huchukua kama miaka kumi na miwili.

Nilianza kuhesabu kwa vidole tangu Desemba ile ya Tarbaj. Vidole vya mikono vikaisha, nikaongeza viwili vya miguu, nikaketi wima.

Sikumpa dada yako nyota. Nilimpa msafiri. Ndiyo maana mwaka uliofuata sikumkuta, wala mwaka uliofuata huo. Na mwezi huu, baada ya kuzunguka kote huko, amerudi kusimama karibu kabisa na pale aliposimama juu ya vichwa vyetu jioni ile.

Nikamwita Abshiro kutoka kwa mke wa Nunow. Nilikuwa nimetayarisha hotuba yenye utangulizi na hitimisho. Aliisikiliza yote bila kunikatiza, jambo ambalo lilinitia hofu, kisha akanyoosha mkono nimpe kalamu. Akaishika kwa mikono miwili. Akauweka mwanga kwenye Mshtarii, akautuliza hapo kwa muda. Halafu akauteremsha taratibu mpaka kwenye ile nyota yake yenye wekundu, juu ya paa, akautuliza hapo pia.

"Yako imerudi," akasema. "Yangu haikuondoka."

Kwa mara ya kwanza sikujibu. Akasogea kidogo mkekani, nikapata nafasi ya kukaa.

Kwa hivyo maombi (a), (b), (c) na (d) nayafuta yote, hasa (d). Barua yenyewe sikuiandika upya kwa sababu ni Kiswahili changu kizuri kuliko vyote nilivyoandika mwaka huu, na nilitaka ukione. Abshiro ameisoma. Amecheka mahali pawili na kusahihisha mahali pamoja.

Ila kuna jambo moja dogo. Dada yako sasa huitumia kalamu kila jioni baada ya Isha, wanawake wa mtaa wamejaa uani, mimi napitisha chai, na mwanga umeanza kufifia. Betri ni zile nyembamba, mbili. Zinazouzwa hapa hazidumu. Anasema umpe nyingine mtu wa kwanza anayekuja huku, kabla Mshtarii haijaondoka tena.